Siku Niliyovikata Masikio Vitabu vya Serikali

Naanza kwa kukiri, maana nisipokiri mimi kuna watu watakiri kwa niaba yangu tena kwa kuongeza chumvi: yule msichana aliyechekwa na wazazi mpaka turubai likatikisika, kwenye siku ya wazazi ya shule yetu pale njia ya kwenda Nkololo, ni mimi, Minza binti Ngassa, mhudumu wa maktaba. Mpaka leo nikipita sokoni Bariadi kuna mama wa nyanya akiniona anashika sikio lake, analivuta kidogo, halafu anainamia nyanya zake akicheka peke yake. Na mimi nacheka. Nifanyeje sasa? Ukichekwa na watu wachache unaumia, ukichekwa na kata nzima unazoea.

Niwaeleze nilifikaje pale. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yangu sitayataja (yalionyesha tu kwamba siku ya mtihani nilikuwepo), nikarudi nyumbani kupalilia pamba na kuchunga, kwa sababu baba yangu alijaliwa wasichana watano na ng'ombe hawaulizi kama mchungaji amevaa sketi. Baadaye Madam Neema, mwalimu wa Kiswahili anayesimamia maktaba, akatafuta mtu wa kufungua mlango, kufagia, kupanga vitabu na kuandika kwenye daftari nani kaazima nini, akanikumbuka mimi, kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi nilikuwa natolewa humo kwa kufukuzwa. Nilipopewa ule ufunguo nililala nao chini ya mto wiki nzima.

Maktaba yenyewe zamani ilikuwa stoo ya mbegu za pamba, na siku za joto kuta bado zinanuka dawa ya mbegu, lakini msiidharau. Asubuhi nabandika magazeti ubaoni (ni ya juzi, lakini kwa ambaye hajayasoma ni ya leo). Mchana wale wa kidato cha tano na cha sita wana saa yao ya kusoma kimya, kimya kweli, unasikia mtu akimeza mate. Jumatano kuna klabu ya wasomaji, mwanafunzi mmoja anasimama kuwasimulia wenzake kitabu alichomaliza, wanamuuliza maswali mpaka anakiri kwamba hakukimaliza. Na Ijumaa ndiyo siku ya kuazima, foleni inaanzia mezani kwangu inatoka mpaka nje kwenye ua wa mnyaa, na hiyo foleni, jamani, naipenda kuliko siku ya Krismasi. Wanafunzi wa kutwa wanakuja na nailoni zao za kufungia kitabu kisiloane, wanakibeba kwapani, wanaondoka. Mimi nasimama mlangoni nawaangalia wanavyopotelea kwenye mashamba na vitabu vyangu, naota siku moja kila nyumba kwenye ile barabara utakuwa na kitabu ndani, hata kama kimoja.

Tatizo ni kwamba vitabu vilikuwa vinaenda, vingine havirudi.

Na kurudisha kitabu kisichotaka kurudi ni kazi. Shule za upande wetu ziko nne na zote zinatumia vitabu vya aina moja, jalada moja, picha moja. Unaandika jina la shule ukurasa wa kwanza, mtu anauchana ule ukurasa. Unaomba muhuri, kidau cha wino kimekauka tangu enzi za Mkuu aliyepita. Unamshika kijana na kitabu mkononi, unamwambia hiki cha maktaba, anakuangalia usoni bila haya, "Dada Minza, hiki kaninunulia mjomba, yuko Mwanza." Kila mtu ana mjomba Mwanza.

Sasa Jumamosi moja mwanzoni mwa mwaka nilikuwa nyumbani, nimemshikilia ndama miguu baba anamkata sikio. Kwetu ndivyo tunavyoweka alama, sikio la kushoto, upande wa chini, vipembe viwili vya kukatwa kwa kisu, vimekaribiana kama meno ya kwanza ya mtoto, na yeyote anayechunga kuanzia kwetu mpaka ng'ambo ya bwawa akiona vipembe viwili anajua huyu ni wa Ngassa. Nikamuuliza baba kwa nini asiwachome chapa tu au awafunge kengele.

"Kengele mtu anafungua," akasema, bado kashika kisu. "Kamba anabadilisha. Lakini kipande cha sikio, mwanangu, atakirudishia na nini?"

Basi hapo hapo, damu ya ndama ikiwa kwenye gauni langu, nikaiona maktaba nzima.

Jumatatu yake nikaazima patasi na nyundo kwa fundi seremala, nikakilaza kitabu cha kwanza kwenye ubao, kona ya chini, nikapiga, pu! pu! kipembe kimoja, pu! pu! kipembe cha pili, kimepita kuanzia jalada la mbele mpaka la nyuma, kila ukurasa una alama na hakuna wa kuchana wote. Nilifurahi mpaka nikaimba. Madam Neema alipoingia akakuta vipembe vya karatasi vimejaa sakafuni kama mtu aliyepukuchua mahindi, akashika kiuno.

"Minza, wewe mtoto wewe. Huu ndio ukutubi wa wapi?"

"Wa nyumbani, Madam."

Akakigeuza kitabu, akakifungua, akaona maandishi hayajaguswa hata herufi. Akacheka puani. "Haya, hivi vya zamani nakuachia, vilishachakaa. Lakini kitu kipya usikiguse bila kuniuliza. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. (Kusikia nilisikia, hilo sitakataa.)

Nikavikata vyote. Na kwa kweli wale wa mjomba Mwanza walipungua pale shuleni, maana ukimshika mtu na kitabu chenye vipembe hana la kusema. Lakini vilivyokuwa majumbani vilibaki majumbani, kwa sababu alama ilikuwa inajulikana kwa wanafunzi tu, na mimi siwezi kuingia kwenye nyumba za watu kupekua. Ikafika katikati ya mwaka daftari langu likawa na vitabu thelathini na nane ambavyo viliondoka na havijaonekana, na Mkuu wa shule akaniita mimi na Madam Neema ofisini. Mkuu wetu si mtu mbaya, ila anaongea kama anayesoma tangazo.

"Mwisho ni siku ya wazazi," akasema. "Jumatatu inayofuata nitakuja mwenyewe na daftari. Vikiwepo, endeleeni. Visipokuwepo, kuazima kunafungwa. Anayetaka kusoma asomee humo ndani, na saa tisa na nusu mlango unafungwa."

Nyinyi mnaweza kuona ni jambo dogo. Mimi nilimfikiria Holo, binti wa kidato cha tatu, ambaye kengele ikilia saa tisa na nusu anatoka mbio kwenda kuchota maji na kupika, hajawahi kukaa kwenye kiti cha maktaba hata dakika kumi, yeye maktaba yake ni kile kitabu cha kwapani. Wako wengi kama Holo, ndio foleni yangu yote ile. Nikatoka ofisini nalia, nikajifanya nimeingiwa na vumbi. Nikazunguka kwa miguu siku kadhaa nikibisha hodi kwa wazazi, "Mwangaluka mayu," "Mwangaluka," tunasalimiana kwa Kisukuma vizuri kabisa, nikiulizia kitabu naambiwa mtoto kasema hana.

Alhamisi kabla ya siku ya wazazi gari la halmashauri likasimama mlangoni. Dereva akashusha maboksi manne, akauliza, "Mhudumu ni wewe? Saini hapa. Ni mzigo wa Jumamosi." Nikasaini. Madam Neema siku hiyo alikuwa ameenda kusimamia netiboli. Kila boksi lilikuwa limebandikwa karatasi yenye maandishi ya Kiingereza, mistari mingi, mihuri, nikaibandua yote nikaiweka pembeni ili inipishe nifungue. Nikafungua. Jamani ile harufu! Vitabu vipya mia na ishirini, vinang'aa, vimebanana kama maharage kwenye ganda lake.

Na hapa ndipo kaamuzi kenyewe kadogo kalipoingia. Nilijiambia, hivi ndivyo vitakavyoibwa kwanza. Jumamosi wazazi wamejaa, wanafunzi wanaingia na kutoka, jioni nusu vitakuwa Mwanza kwa wajomba. Nikakumbuka maneno ya Madam, kitu kipya usikiguse. Nikajijibu (kwa sauti, nakumbuka) kwamba boksi likishafunguliwa kilichomo si kipya tena. Saa nane mpaka saa kumi na moja nilikuwa napiga patasi, pu! pu! mkono ukavimba. Nikavirudisha vyote kwenye maboksi vizuri, nikafunga na gundi ya karatasi, nikaenda nyumbani nimejaa sifa. Ile karatasi ya Kiingereza nilifagia nayo vile vipembe.

Jumamosi ikafika. Turubai mbili, viti vya kukodi, wimbo wa shule, wanasarakasi wa kidato cha kwanza mmoja akaangukia meza ya maji. Wazazi walijaa, baba yangu yupo mstari wa tatu na kofia yake ya sikukuu, ingawa mwaka huo hakuwa na mtoto shuleni pale, kaja kwa ajili yangu, kajisemea mwanangu ni mtumishi. Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja wa ofisi ya elimu, mtu wa Kilimanjaro, kahamia mkoani kwetu hivi karibuni, mrefu, miwani inaning'inia shingoni. Yale maboksi yangu yako mbele juu ya meza yenye kitambaa. Na kwenye viti vya wageni nikashangaa kuwaona wakuu wa shule zile tatu za jirani, wamevaa suti, wanatabasamu. Nikajiuliza hawa wamefuata nini kwenye sherehe yetu.

Mgeni rasmi akashika maiki. "Leo nina furaha kukabidhi vitabu hivi kwa shule zote nne za eneo hili. Kila shule itapata boksi lake."

Kila shule.

Jasho lililonitoka halikuwa la jua. Nikainuka pale nilipokaa nyuma ya meza, nikashika boksi la karibu nikijaribu kulivuta chini taratibu, sijui nilifikiri nitalipeleka wapi, labda Ziwa Viktoria. Mkuu akaninong'oneza kwa meno, "Minza, kaa chini." Nikakaa. Mgeni akaita shule ya kwanza, akainuka Mwalimu Bujiku, mkuu wa shule ya jirani, ambayo sisi na wao tangu zamani ni mahasimu wa mpira na wa kila kitu. Mgeni akatoa kitabu kimoja cha juu, mpiga picha akamwambia, "Inua kidogo mama, hapo hapo, angalia huku," akakiinua, na jua lote la Bariadi likapita kwenye vile vipembe viwili likampiga mpiga picha jichoni.

Mgeni akashusha kitabu. Akavaa miwani. "Panya," akasema, na maiki ikasema.

Akatoa cha pili. Akatoa cha tatu. Akaviweka vitatu pamoja, vipembe vikakaa sawasawa, kimoja juu ya kingine. "Lakini panya gani huyu," akasema taratibu, "anayekula kwa kipimo?"

Wazazi wakaanza kucheka. Mkuu wetu akasimama, kajaa hasira, akasema labda vimeharibikia njiani, labda kwenye gari. Dereva naye alikuwa amekaa kivulini anakula wali wake, akasimama na sahani mkononi.

"Mimi nimeshusha vitabu vizima! Msinibebeshe! Nina watoto!"

"Sasa nani?" Mkuu akasema. "Vimefika hapa, vimekaa, leo havina kona. Lazima kuna maelezo ya usafiri."

Mimi kumwona mtu mzima wa watu amesimama na kijiko anajitetea kwa kosa langu sikuweza, moyo wangu haujatengenezwa hivyo. Nikasimama. "Sio dereva," nikasema. "Wala sio panya. Ni mimi. Nimevikata masikio."

Maiki ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

Turubai likalipuka. Watu walicheka wakapiga mapaja, kina mama wakafunika nyuso na kanga, wanafunzi wakarusha madaftari, mwalimu wa nidhamu ambaye miaka yote sijawahi kuona meno yake nikayaona yote. Mgeni rasmi akamgeukia Mkuu amwambie kuna nini, Mkuu akaninyooshea kidole mimi. Na kabla vicheko havijaisha, mzee mmoja wa mstari wa pili, Mzee Masunga, mchunga ng'ombe wa kijiji cha pili kutoka kwetu, akasimama akasogea mpaka mezani, akakichukua kile kitabu, akakishika kwa mbali kama anayemkagua mtamba.

"Hili," akasema, "mbona ni sikio la Ngassa!"

Ndipo nilipokumbuka kwamba baba yupo.

"Ngassa!" sauti ikatoka nyuma. "Siku hizi unachunga vya serikali?"

"Vimezaa vingapi?"

"Utatupa na sisi maziwa!"

Baba akashusha kofia mpaka puani. Akaniita kutoka chini ya ile kofia, si kwa ukali, ndiyo maana iliniuma zaidi. "Minza. Umetumia sikio letu?"

"Ndiyo, baba."

"Kwa vitabu vya serikali."

"Sikujua ni vya wengine, baba. Nilijua ni vya kwetu."

"Wewe Ngassa!" Mzee Masunga akadakia, sasa yeye ndiye mwenye hasira. "Mimi si nilikuja kwako? Kabla hata watu hawajaanza kuvuna pamba! Nikakwambia nimeokota kitu chako njiani, ukaniambia huna kitabu!"

"Ni kweli sikuwa nacho!" baba akasema, kofia ikapanda. "Mimi nisome kitabu na nini?"

"Na sikio ni lako!"

"Sikio ni langu, kitabu si changu!"

"Ndiyo unieleze sasa!" Mzee Masunga akafungua mkoba wake wa ngozi, ule wanaobebea tumbaku na kisu, akatoa kitabu cha Biolojia cha kidato cha pili, kimefungwa kwenye kipande cha nailoni, kisafi. Kona ya chini, vipembe viwili. "Nilikiokota njia ya bwawani. Mimi sijui kusoma. Lakini nikaona kimekatwa sikio, nikasema hiki kina mwenyewe, hakitupwi wala hakiwashiwi moto. Ngassa akakikataa. Nikaenda nacho mnadani mara tatu, naonyesha watu, kila mtu ananiambia ni cha Ngassa. Nikirudi kwa Ngassa anasema si chake. Nikabaki nakibeba tu, maana nitakiacha wapi?"

Sikuona aibu tena hapo. Nilikiangalia kile kitabu, namba ya kumi na nne kwenye daftari langu, kilichozungushwa kwenye mnada wa ng'ombe mara tatu na mtu asiyejua hata kimeandikwa nini, nikaanza kulia kweli, bila kusingizia vumbi.

Mgeni rasmi, ambaye Kisukuma hakijui, alikuwa ametafsiriwa na Madam Neema yale maneno ya wazee (Madam alikuwa ananiangalia jicho moja la kuniua na jingine la kunihurumia). Akanyoosha maiki kwangu. "Njoo ueleze mwenyewe. Wao waelewe na mimi nielewe."

Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikaanza kwa Kiswahili, katikati nikahamia Kisukuma kwa sababu huko ndiko maneno yalikokuwa. Nikawaambia, nyinyi mkimpa jirani ng'ombe amlishe, anakamua, watoto wake wanakunywa, samadi anaweka shambani, lakini ng'ombe ni wa nani? Wakajibu wote, ni wa mwenyewe. Na siku mwenyewe akimhitaji? Anarudishwa. Na akifichwa? Wakaguna, maana kwetu mtu wa hivyo hata kwenye msiba anakaa peke yake. Nikasema basi maktaba ndiyo hiyo. Mtoto wako amepewa ng'ombe amkamue. Thelathini na nane hawajarudi, na wasiporudi mpaka Jumatatu zizi linafungwa, hakuna mtoto atakayebeba kitabu kwenda nyumbani tena. Wana sikio lenye vipembe viwili. Mkiwaona, warudisheni.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa katikati, mnene, kajifunga kanga ya njano, akainuka polepole.

"Mayu," akaniambia, "hicho kipo kwangu. Kimefunika mtungi wa maji. Mtoto alisema kapewa zawadi." Akamgeukia mwanawe aliyekuwa kwenye mstari wa kidato cha pili. "Zawadi, eeh? Tutaonana."

"Na kwangu kipo," akasema mwingine. "Bibi yake anakalia."

Mwalimu Bujiku, ambaye muda wote alikuwa amesimama na mikono mitupu mbele ya mpiga picha, akauliza, "Samahani. Sasa hivi vyangu nitawaambia watu ni vya nani?"

"Vya Ngassa!" turubai zima likajibu, hata mgeni rasmi alicheka, akavua miwani akafuta macho. Akavigawa hivyo hivyo bila kona. Lakini msifikiri nilipona. Aliniita pembeni akaniambia kwa sauti ya ofisini kwamba nimeharibu mali ya umma na niandike barua ya maelezo, nikaandika, Madam Neema akaisahihisha mara nne, na mara ya nne akaniambia, "Nilisema kitu kipya usikiguse. Nilisema au sikusema?" Nikamwambia ulisema, Madam. Akaninyima chai siku mbili.

Jumatatu nilifika shuleni kabla ya jua kupanda, nikakuta watu mlangoni. Sio wanafunzi, wazazi. Kuna aliyekuja na baiskeli, kuna aliyemtuma bodaboda, kuna babu aliyeleta kitabu ndani ya gunia la pamba na pamba ikiwemo. Yule mama wa kanga ya njano alileta cha kwake bado kina duara la maji kwenye jalada, mwanawe anamfuata nyuma kainamisha kichwa. Watu walipekua nyumba zao mpaka wakapitiliza, nikaletewa kitabu cha nyimbo za kanisani, kadi ya kliniki, maelekezo ya redio ya Kichina, na vitabu vitano vya miaka ya nyuma ambavyo havina hata alama, mwenye navyo akasema tu, "Nimeona hivi navyo viende kwa wenzao." Mimi natia alama kwenye daftari, thelathini na sita, thelathini na saba. Cha mwisho kililetwa na Holo mwenyewe, kilikuwa kimeazimwa na rafiki yake aliyehama, yeye kaenda kukifuata kwa miguu Jumapili nzima. Thelathini na nane.

Mkuu akaja saa mbili. Akavihesabu yeye, kimoja kimoja, akipitisha kidole kwenye vipembe. Akahesabu tena. Akakaa kwenye kiti cha wanafunzi, magoti yamemfika kidevuni.

"Minza."

"Naam, Mkuu."

"Mimi nimeandika barua kwa wazazi miaka sita, vitabu havikurudi." Akanisukumia daftari. "Ijumaa fungua foleni."

Nilipiga kigelegele ndani ya maktaba, mahali ambapo nimebandika mwenyewe tangazo la kukataza kelele.

Kilichobaki ni kazi ya baba. Kwa sababu alama ni yake na watu hawabadilishi walichozoea, vitabu vya shule zote nne vikiokotwa vinapelekwa kwake. Anakuta kitabu kwenye kigoda asubuhi. Mwanzoni alinung'unika sana, akasema amegeuzwa karani uzeeni, lakini sasa ana sanduku, na Ijumaa anavifunga kwenye baiskeli anavipeleka shule kwa shule, kila shule inachukua vyake kwa namba za daftari lake. Juzi Mwalimu Bujiku alitaka kumwekea baiskeli tairi jipya la nyuma, akakataa. Akasema anayechunga cha mwenzake halipwi kwa kukirudisha.

Na mimi nimeapa mbele ya Madam Neema, kwa mkono wa kulia, kwamba sitagusa boksi lolote mpaka nisome karatasi yake mwanzo hadi mwisho, hata kama ni ya Kiingereza, hata kama itanichukua siku nzima na kamusi. Nisipoelewa nitauliza. Nikielewa nitauliza tena. Aibu niliyopata siku ile sitaki imkute hata adui yangu. Lakini njooni siku ya Ijumaa muone foleni. Imepita kwenye mnyaa, imekata uwanja wa paredi, inaishia mlangoni kwa Mkuu, na yeye akitaka kutoka ofisini kwake inabidi aombe njia.